Duka lenye wafanyakazi saba: mchango wa WCF unahesabiwaje, na vibarua wamo?

Mwenye Duka, Morogoro

Habari za kazi, ndugu zangu. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro. Tunauza saruji, nondo, bati, rangi na misumari ya kupima. Wiki tatu zilizopita kijana mmoja anayebeba mizigo alikuwa akimpakilia mteja bati, ukingo wa bati ukateleza na kumpasua kiganja kuanzia chini ya kidole gumba. Nilimfunga kwa kanga niliyokuwa nimejitanda, nikampeleka hospitali kwa bajaji na kulipia matibabu yote kutoka mfukoni mwangu. Jeraha limefunga, lakini kidole gumba bado hakikunjiki sawasawa, na kijana huyu anaishi kwa nguvu za mikono yake.

Duka limesajiliwa katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) na kila mwezi ninachangia kwa ajili ya watu watano wa mshahara: keshia shilingi 350,000, wauzaji wawili shilingi 300,000 kila mmoja, mtunza stoo 320,000 na dereva 400,000. Dereva ninampa pia posho ya chakula ya shilingi 60,000 kila mwezi, ambayo siiweki kwenye hesabu. Wabebaji wawili ninawalipa shilingi 12,000 kwa siku na sijawahi kuwaorodhesha, kwa sababu aliyenisaidia kujaza fomu mwanzoni alisema vibarua hawahusiki. Jirani yangu wa duka la pili anasema hata mimi sikupaswa kusajiliwa, kwa kuwa sheria inawahusu wenye wafanyakazi kumi na kuendelea. Kaka yangu mwenye duka Mombasa ananiambia ninunue bima kwenye kampuni kama anavyofanya yeye. Naomba mwenye uelewa anisaidie: nani amesema kweli, na kwa kijana huyu nifanye nini sasa?

Mhasibu, Mwanza

Pole sana, dada, na pole kwa kijana. Nitaanza na la kijana kwa sababu ndilo lenye haraka. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inamtaka mwajiri atoe taarifa ya ajali kwa Mfuko ndani ya siku 7 tangu alipoijua. Wewe umeshapitisha siku hizo, lakini usiache hata siku moja zaidi ipite kwa kuogopa kwamba umechelewa, maana dai linalofikishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali itokee bado lina nafasi ya kusikilizwa, na linalovuka hapo ndilo hupoteza haki. Kusanya taarifa ya daktari, risiti zote za matibabu, kitambulisho chake na daftari la mahudhurio linaloonyesha kwamba siku ile alikuwa kazini kwako, uende navyo kwenye ofisi ya Mfuko. Mweleze daktari wazi kwamba kidole hakikunjiki, ili aandike hivyo, kwa sababu kiwango cha ulemavu hupimwa kitaalamu na asilimia itakayopatikana ndiyo huamua aina ya malipo. Isipozidi 30, hulipwa kwa mkupuo. Ikizidi hapo, mfanyakazi hulipwa pensheni kila mwezi.

Kuhusu vibarua, aliyekusaidia kujaza fomu alikosea, na kosa hili nalikuta kwenye vitabu vya maduka karibu kila mwaka. Sheria inamtambua mfanyakazi kwa mkataba wa kazi, uwe wa maandishi au wa mdomo, na haijali kama analipwa kwa mwezi, kwa siku au kwa kazi aliyoimaliza. Kijana anayefika asubuhi, akapangiwa kazi na wewe na kulipwa na wewe jioni ni mfanyakazi wako.

Jirani yako amechanganya mambo mawili. Idadi ya wafanyakazi kumi ni ya tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo tangu Julai 2021 haimhusu mwajiri mwenye wafanyakazi pungufu ya kumi. Mchango wa WCF hauna kima hicho: ukiwa na muuzaji mmoja tu wa kuajiriwa Tanzania Bara, unahusika. Michango ya NSSF nayo haichukui nafasi yake, kwani ile ni ya uzeeni na mafao mengine, na hii ni ya ajali, magonjwa na vifo vinavyotokana na kazi.

Sasa hesabu. Sekta binafsi ilianza kwa kuchangia asilimia 1 ya mishahara, ikashushwa hadi 0.6 mwaka 2021, kisha 0.5 kuanzia Julai 2022, sawa na sekta ya umma. Msingi wa hesabu ni mshahara pamoja na posho za kudumu zinazolipwa kila mwezi, kwa hiyo posho ya dereva imo. Leo unalipia shilingi 1,670,000, ambazo asilimia 0.5 yake ni 8,350. Ukiongeza posho na wabebaji wawili kwa siku 26, jumla inakuwa shilingi 2,354,000 na mchango 11,770. Tofauti ni shilingi 3,420 kwa mwezi. Huo ndio mwanya uliomwacha kijana wako nje ya orodha. Mchango wote ni wa mwajiri, na ni marufuku kuukata kwenye mshahara wa mfanyakazi.

Mtunza Stoo Mstaafu, Tanga

Naomba niongeze jambo kutoka upande wa mfanyakazi. Nilianguka kutoka kwenye ngazi nikiwa napanga madumu ya mafuta ya kupikia kwenye rafu ya juu, nikavunjika mkono wa kulia. Mwajiri wangu wa wakati ule alikuwa mtu mwema, alinitembelea nyumbani na kuniletea unga na sukari, lakini taarifa hakuipeleka mpaka mwezi wa tatu, na wakati huo wote familia yangu iliishi kwa mikopo ya dukani. Taarifa ilipofika, nililipwa fidia ya ulemavu wa muda, ambayo ni asilimia 70 ya mshahara kwa kipindi ambacho mtu hawezi kufanya kazi, mwisho miezi 24. Ndiyo maana nakusihi, mwanangu, unga na sukari ni vizuri, lakini ile karatasi ya taarifa ndiyo iliyonilisha.

Wenzangu wadogo hawakumbuki tulikotoka. Chini ya sheria ya zamani, fidia ya juu kabisa ya ulemavu wa kudumu ilikuwa shilingi 108,000, na ya kifo shilingi 83,000. Fedha hizo hazikutosha hata gharama za kusafirisha msiba kwenda kijijini. Leo mjane na watoto hulipwa pensheni, na mazishi yana msaada wake.

Msomaji wa Mombasa

Kaka yako hakukudanganya, dada, ila alikueleza sheria ya huku kwetu. Kenya tunafuata Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi tunaiita WIBA, na inamtaka mwajiri awe na bima kutoka kampuni iliyoidhinishwa. Hatuna asilimia moja ya taifa zima. Kampuni huangalia jumla ya mishahara na hatari ya kazi, hivyo karani wa dukani na mpakizi wa saruji hawapimwi kwa mizani moja. Mfanyakazi akifariki au akipata ulemavu kamili wa kudumu, fidia huhesabiwa kwa mapato ya miezi 96. Kununua bima ya kampuni huko Bara unaweza kama nyongeza, lakini haitakuondolea wajibu wa WCF.

Mwenye Duka, Morogoro

Shikamoo, mzee wa Tanga, na ahsanteni nyote. Leo asubuhi nimelipitia daftari la mahudhurio. Kwa bahati nzuri keshia huwaandika wabebaji kila siku na kuwasainisha jioni, na jina la kijana lipo siku ya ajali. Kesho nakwenda naye kwa daktari, kisha kwenye ofisi ya Mfuko. Nimebaki na maswali mawili. Miezi ambayo sikuwahesabu wabebaji nitailipaje? Na asubuhi dereva huwapitia wauzaji majumbani kwa gari la duka bila malipo: wakipata ajali njiani, inahesabika ni ajali ya kazini?

Mhasibu, Mwanza

Miezi iliyopita uitangaze mwenyewe kabla hujaulizwa. Peleka daftari hilohilo, wakukokotolee upungufu na wakupe namba ya kumbukumbu ya malipo. Riba ya kuchelewesha ilipunguzwa mwaka 2021 kutoka asilimia 10 hadi asilimia 2, kwa hiyo kwa kiasi chako haitakuumiza. Kinachoumiza ni kushtakiwa, kwani faini yake inaweza kufikia shilingi milioni 50.

Kuhusu gari, ndiyo. Mwajiri akitoa usafiri wa bure mahsusi kwa ajili ya kuwaleta na kuwarudisha wafanyakazi, na gari likaendeshwa na yeye au mfanyakazi wake, ajali ya njiani huhesabiwa kuwa imetokea kazini. Ikitokea, ongeza ripoti ya polisi kwenye nyaraka nilizotaja. Na kesho kwa daktari, usisahau kuchukua nakala ya taarifa yake, ubaki nayo dukani.