Kaka yangu alikuwa jeshi la Marekani, sasa kila usiku ni The Punisher tu. Nimzuie au nimwache? Naombeni ushauri

Nuru_wa_Machame
Wakuu habari za muda huu. Naombeni ushauri, na wenye matusi nawaomba wapite kimya kimya maana hili jambo linaninyima usingizi kweli.

Naishi Texas na kaka yangu, tumefuatana kuzaliwa, mimi ndo kitinda mimba. Yeye alitangulia huku kusoma, ada ikamshinda, akaingia Army kupitia ule mpango wa MAVNI waliokuwa wanachukua wageni wenye lugha wanazozitaka, na Kiswahili kilikuwemo. Uraia akapata humohumo jeshini, wakampeleka Afghanistan, akarudi viungo vyote vipo tunamshukuru Mungu. Ameshatoka, sasa hivi anaendesha forklift kwenye ghala.

Shida ni hii series. The Punisher, ile ya Jon Bernthal, season mbili episode 26, ikiisha anaanza upya. Na sio kwamba anaangalia kama mimi na wewe tunavyoangalia, anakaa gizani, sauti kaipunguza hadi husikii kitu, kuna vipande anarudisha nyuma anarudia tena na tena, ukimsemesha ni kama hayupo pale. Nikimuuliza anasema "hawa wanaelewa". Mimi hata dakika kumi siwezi, ni damu na watu kuvunjwa mifupa mwanzo mwisho.

Swali langu, hii series inaweza kuwa ndo inamharibu? Akaunti ni ya kwangu, nibadilishe password au nimwache?

Kiti_cha_Mbele
Nimewahi siti. Dada usibadilishe password, kati ya zile series za Marvel za Netflix hii ndo kali kuliko zote na sibishani na mtu. Haina mambo ya kuruka angani wala kutoa moto mikononi. Frank Castle ni marine, alikuwa Kandahar kwenye kikosi cha siri, wakubwa wake wanapitisha heroini humo, akarudi nyumbani familia ikauliwa, basi. Ilikuwa itoke Oktoba 2017 wakaisogeza kwa sababu ya yale mauaji ya Las Vegas, ikatoka Novemba. Februari 2019 wakaifuta, mpaka leo inaniuma. Season 1 ni bora kuliko 2, season 2 waliizungusha sana.

Mama_Wawili_Tabata
Mdogo wangu mimi sijaiona na sitaiona. Kitu chochote unachokiangalia usiku kinaingia rohoni. Huyo kaka yako ameona mauti kwa macho halafu anajilisha mauti tena kwenye TV, unategemea nini? Zima hiyo kitu, mtafutie kanisa, mtafutie na mke.

Kiti_cha_Mbele
Mke wa nini tena mama, mtu hajalala unamwongezea na mke 😂

Koplo_Mstaafu_TX
Dada pole. Mimi pia nilitumikia jeshi la huku, mzaliwa wa Tanga. Nikuulize kwanza, anarudisha nyuma sehemu gani?

Nauliza kwa sababu. Kwenye ile series watu wote wanamwona Frank na bunduki, ila sisi tuliotoka kule tunaona watu wengine. Kuna Curtis, yule aliyekuwa mganga wa kikosi, mguu umekatika, anauza bima na jioni anapanga viti vya duara chini ya kanisa ili maveterani waongee. Kuna yule kijana Lewis amerudi hajui aishi vipi, anachimba handaki uwani kwa baba yake analala humo. Hiyo ya Lewis mimi niliizima nikatoka nje, sikuweza. Kwa hiyo kuangalia peke yake sio ugonjwa, inategemea anamwangalia nani.

Halafu maswali mengine: analala? Kuna silaha ndani ya nyumba? Kuna mtu anamtaja taja?

Nuru_wa_Machame
Asante Koplo. Kulala halali vizuri, anashtuka. Silaha ni yake kihalali, hii ni Texas, kila nyumba ina silaha, tusitoke kwenye mada. Mimi nimeuliza kuhusu series.

Mjukuu_wa_Rwamishenye
Umenikumbusha marehemu baba. Yeye alikuwa mgambo, akaenda Vita vya Kagera, alitoka Bukoba 1978 wakatembea mpaka Kampala 1979. Mimi nilizaliwa baadaye kwa hiyo nilimkuta vile alivyo na nikadhani wababa wote wako hivyo. Analala ameegemea ukuta, panga chini ya kitanda, mlango lazima auone. Mvua ikipiga bati kwa nguvu anatoka anazunguka nyumba. Wazee wakasema ni mizimu ya Waganda, wakaletwa waganga, kuku wakachinjwa, mama akauza ng'ombe. Hakuna hata siku moja mtu alimkalisha akamuuliza "uliona nini Lukaya, kule kwenye mapigano Uganda?" Alikuja kumwambia shemeji yangu mmoja, yeye alikuwa askari JWTZ, wakiwa wawili kwenye rubisi, na siku ile alilia. Baada ya hapo alikuwa anamsubiri huyo shemeji kila mwisho wa mwezi kama mtoto.

Sasa mnaposema azimiwe TV, baba yangu hakuwa na TV.

Mama_Wawili_Tabata
Pole sana Mjukuu. Ila maombi hayana mbadala, nasimamia hapo.

Koplo_Mstaafu_TX
Nuru sijatoka kwenye mada, mada ndo hiyo. Umejibu mawili, umeruka la sehemu gani anarudia na umeruka la mtu anayemtaja. Silazimishi, ila ushauri unategemea hapo.

Chalii_wa_Sakina
Anaficha kitu huyu. Funguka dada, humu hakuna anayekujua.

Nuru_wa_Machame
Sawa. Anarudia sehemu za Frank na Billy Russo, yule rafiki yake wa jeshini aliyekuja kumsaliti. Zile za mwanzo wanapocheka wote kama ndugu, na ile ya mwisho ya season 1 pale kwenye farasi wa kuzunguka, Frank anamsaga Billy uso kwenye kioo.

Na ndiyo, kuna mtu. Rafiki yake, walisoma wote kuanzia shule ya msingi mpaka Form Six. Kaka alipokuwa Afghanistan alikuwa anamtumia hela ya kiwanja Kigamboni, baadaye hela ya msingi, ya nondo, ya fundi. Kiwanja kiliandikwa jina la rafiki kwa sababu kaka ameshachukua uraia wa Marekani, na kwetu ukichukua uraia mwingine wa Tanzania unaupoteza, na wakati ule asiye raia alikuwa hamiliki ardhi hivi hivi. Jamaa ameuza kiwanja na msingi wake, namba kabadilisha. Siku moja Billy katokea kwenye TV kaka akasema taratibu tu "huyu ndo Billy wangu".

Nilikuwa sitaki kuyaleta haya kwa sababu ni mambo ya familia. Na tayari nimefanya uamuzi, nimeshamkatia tiketi aende nyumbani kwa mama akapumzike. Kwa hiyo swali linabaki lilelile, kabla hajaondoka nimzuie series au nimwache?

Kiti_cha_Mbele
Eeeh 🙆🏾‍♂️

Chalii_wa_Sakina
Subiri kwanza. Yaani mtu anarudia kipande cha kumsaga msaliti uso kwenye kioo, msaliti wake yuko Dar, na wewe umemkatia tiketi ya kwenda huko?

Nuru_wa_Machame
Atafikia Machame, sio Dar. Atashukia KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Mama hajamwona mwanawe toka aondoke, ana haki. Huku upweke ndo unammaliza, kazi kitanda kazi kitanda, kule kuna watu, kuna chakula cha nyumbani, mchungaji ameshaongea na mama. Na kama ni silaha, basi huku ndo anayo, kule hana. Mbona hilo hamlioni?

Chalii_wa_Sakina
Dada, mtu alifika Afghanistan atashindwa basi la Moshi kwenda Dar? Asubuhi kapanda jioni yuko Dar.

Jicho_la_Tatu
Wakuu mnapoteza muda, hii ni chai. Tena ya rangi, haina hata maziwa. Hebu pangeni: mwanajeshi Afghanistan ✔ rafiki kama ndugu anamsaliti ✔ mnyonge anataka haki kwa mkono wake ✔. Huyu ameangalia season 1 weekend akabadilisha Central Park ya kwenye series ikawa Kigamboni. Muda si mrefu mtaambiwa kaka amechimba handaki uwani. MAVNI yenyewe ilisimama 2016, kila mtu anaweza kuigugo.

Kiti_cha_Mbele
Daah, hapa Jicho ana hoja. Na mwanzo alisema hawezi kuiangalia hata dakika kumi, sasa scene ya mwisho ya season 1 ameijuaje kwa undani hivyo?

Shemeji_wa_Kariakoo
Mi nilishtuka pale kwenye "taratibu tu". Hiyo ni lugha ya watunzi. Mods hamisheni uzi uende jukwaa la hadithi.

Mjukuu_wa_Rwamishenye
Kwa hiyo na baba yangu nimemtunga? Series ndo imeiga watu, sio watu wameiga series. Na kuliwa kiwanja na rafiki ukiwa nje ndo mpaka Hollywood? Nyoosheni mikono humu waliolizwa na ndugu tuwahesabu.

Diaspora_Mlizwa
✋🏾 Mimi Mbweni, binamu. Alikuwa ananitumia picha za nyumba ya jirani.

Bi_Rehani
✋🏾 Kibaha. Kaka yangu wa tumbo moja.

Shemeji_wa_Kariakoo
Wa tumbo moja?? Hapo kweli hata mimi ningekuwa Punisher.

Nuru_wa_Machame
Jicho_la_Tatu, mimi nimeijua hiyo scene kwa sababu sebule ni moja na chumba changu mlango unatazama TV. Ameirudia mpaka nimeikariri bila kutaka. Unadhani napenda kuandika haya? Hela alizotuma ziko kwenye meseji, risiti za kutuma nimezitunza mimi, mkataba wa serikali ya mtaa picha ninayo na mashahidi wamesaini, jina ni la rafiki. Sitapost hapa kukufurahisha. Handaki hakuna. Kilichopo ni kwamba wiki hii ameacha kuuliza habari za kesi kabisa, kabla ya hapo alikuwa ananisumbua kila siku tutafute wakili. Nilipomwambia kuhusu tiketi alifurahi. Akasema "nikifika kuna kazi moja tu". Hilo sikuliandika mwanzo.

Chalii_wa_Sakina
Nimeishiwa nguvu.

Koplo_Mstaafu_TX
Jicho, tufanye ni chai. Humu kuna mwingine anasoma na kwake sio chai, kwa hiyo mimi naandika.

Nuru, hiyo sentensi ya mwisho ndo ulitakiwa uanze nayo. Mtu aliyekuwa anahangaika halafu ghafla ametulia na anafurahia safari, sisi tunaogopa huo utulivu kuliko kelele. Na sio kwa rafiki peke yake, kwake mwenyewe pia. Maveterani huku wanajiua zaidi ya elfu 6 kwa mwaka na wengi ni kwa bunduki, ndo maana nilikuuliza silaha na sikuwa natoka kwenye mada.

Leo hii: piga 988 halafu bonyeza 1, ni laini ya maveterani, na ndugu wa veterani anaruhusiwa kupiga, huhitaji awe amekubali. Waambie yote, anza na hiyo sentensi ya kazi moja. Bastola ikae nje ya nyumba kwa muda, kwa mtu anayemwamini na aliyeruhusiwa kisheria kuishika, muombe kama mdogo wake, usimwibie. Akikataa kabisa basi angalau ifungwe, VA, ile idara ya serikali ya maveterani, wanatoa kufuli za waya bure.

Halafu Vet Center, vituo vya ushauri vya maveterani. Sio hospitali, zipo toka 1979 zilianza kwa ajili ya wale wa Vietnam, ni bure kwa aliyekaa eneo la vita, wanapokea na familia, na faili lake haliendi popote bila ridhaa yake. Wanaofanya kazi pale wengi ni maveterani wenyewe. Ndo kile kiduara cha Curtis, kipo kweli. Umwambie hivyo hivyo: kaka, Frank unayemwangalia kila siku, msimu wa kwanza unaishia ameketi kwenye kiti cha Curtis anasema anaogopa. Asirudie kile kipande cha kioo tu, aache iendelee mpaka hapo.

Na ile hoja yako ya kwamba kule hana silaha, nimeielewa. Ila kule hana Vet Center, hana 988, ana mama mzee na mchungaji. Utamtwisha mama mzigo ambao hajui ni mzito kiasi gani.

Bi_Rehani
Niongezee kwenye kiwanja. Nuru wewe bado ni raia wa Tanzania? Basi beba wewe hiyo kesi, akupe nguvu ya kisheria kwa maandishi, tafuta wakili, ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya na polisi kwa upande wa utapeli. Kwa sababu jina ni la rafiki kiwanja chenyewe kinaweza kuwa kigumu, ila hela zina risiti, dai hela. Mwonyeshe kaka kwamba kuna mtu anapigana kwa njia nyingine. Mimi kilichonitoa kwenye hasira za Kibaha ni siku niliyopewa namba ya shauri.

Nuru_wa_Machame
Mimi bado raia, ndiyo. Risiti nitaziscan.

Tiketi sifuti, nisiwadanganye. Mama ameshawaambia ukoo mzima. Nimesogeza tarehe, nimemwambia kaka bei ilibadilika.

Koplo_Mstaafu_TX
Umesogeza mpaka lini? Na 988 umeshapiga?

Nuru_wa_Machame
Mpaka mwezi wa kwanza. Yuko sebuleni sasa hivi, natoka nje kwenye gari nipige.

Jicho_la_Tatu
Piga dada. Nafuta comment yangu.