UKOO WA BIBI ❤️ (siasa hapana): Jumatano usiku

Mimi: Wapendwa leo kazini nimesinzia mpaka nikaulizwa kama naumwa, nimekesha naangalia Coach Prime kwa paswedi ya kaka, msimu wa kwanza wote mpaka saa tisa usiku, bando la wiki limekata leo Jumatano 😭

Kaka Aurora: Kumbe ni wewe! Natoka zamu ya usiku huku Colorado nataka kupumzika na kitu, naambiwa watu wameshajaa. Paswedi mmempa nani na nani huko?

Mamdogo Tanga: Mimi sijui kitu

Kaka Aurora: Mamdogo kuna kifaa kimeandikwa TV YA SEBULENI TANGA

Mamdogo Tanga: 🙈 Hayo tutazungumza kikao cha familia. Tuambieni kwanza hiyo siriizi ya nini

Mimi: Ni makala, watu wa kweli. Kuna mzee mmoja Deion Sanders, ndo huyo Coach Prime, alikuwa staa wa mpira Marekani, sasa ni kocha wa chuo, kamera zinamfuata mazoezini, nyumbani, hospitali, kila mahali

Anko Kocha: Mpira gani, huu wetu au ule wa yai?

Mimi: Wa yai anko

Anko Kocha: Ule sio mpira ule. Mpira unaushika mkononi halafu unauita futiboli, nyie Wamarekani mna matatizo

Kaka Aurora: Anko huyu ungempenda. Kazi yake ilikuwa kukaba, konabeki, yaani yule anayemfuata mshambuliaji asipokee pasi, na alikuwa bora mpaka timu pinzani zinaacha kabisa kurusha mpira upande wake. Na hapo hapo anacheza besiboli ya kulipwa. 1992 kuna Jumapili alicheza futiboli Miami mchana, akapanda ndege mpaka Pittsburgh, usiku yuko kwenye benchi la besiboli kavaa jezi nyingine. Mpaka leo hakuna mwingine aliyecheza fainali ya futiboli, Super Bowl, na fainali za besiboli, World Series, ni yeye tu

Anko Kocha: Sasa hapo umeongea

Kaka Aurora: Super Bowl alichukua mbili mfululizo kwa timu mbili tofauti. Ya kwanza na 49ers, akahamia Dallas Cowboys, mahasimu wao, akachukua na huko

Mamdogo Tanga: Ahaa! Kwa hiyo ni mhamaji tangu ujana. Katoka Msimbazi kaenda Jangwani mchana kweupe

Anko Kocha: Mdogo wangu Jangwani watu wanakwenda kufuata makombe, sio dhambi 😎

Mimi: Mnanivuruga. Msimu wa kwanza yuko Jackson State, chuo cha watu weusi Mississippi, vile vyuo vilivyoanzishwa enzi ambazo mtu mweusi hapokelewi kwingine. Kaingia 2020. Timu ilikuwa haijamaliza msimu na ushindi mwingi kuliko vipigo tangu 2013. Yeye 2021 kashinda 11 kapoteza 2, 2022 kashinda 12 kapoteza 1. Na kijana aliyekuwa namba moja nchini nzima, Travis Hunter, ambaye vyuo vikubwa vyote vinamtaka, akamchukua yeye! Hebu fikiria mtoto anagombewa na timu kubwa zote halafu anatangaza anakwenda timu ya daraja la chini kwa sababu ya kocha

Kaka Aurora: Ile siku huku watu walidhani ni utani

Mimi: Na kuna sehemu ya maji sasa. 2022 mji mzima wa Jackson maji hayatoki, mto ulifurika mtambo wa kusafisha ukafa, watu kama laki moja na nusu, Marekani hiyo hiyo, wanapanga foleni ya maji ya chupa. Wachezaji chooni hakuna maji, kuoga hakuna, kocha kawahamisha hotelini

Mamdogo Tanga: Kha! Marekani na ndoo?

Kaka Aurora: Mamdogo huku kuna sehemu na sehemu. Jackson weusi ndio wengi na mabomba yalishachoka miaka na miaka, watu walikuwa wanalalamika hakuna anayesikiliza

Bibi: 🎤 sauti 1:52

Mimi: Kwa aliye kazini, Bibi anasema na yeye ameangalia na mimi Jumamosi kidogo, aliona yule baba mguu umevimba akasema hiyo ni sukari, anauliza anaendeleaje

Mimi: Bibi sio sukari. Alipasuliwa mguu 2021, damu ikaganda, wakamkata vidole viwili. Alilazwa wiki kadhaa karibu wamkate mguu wote. Aliporudi akafundisha akiwa kwenye kiti cha magurudumu pembeni ya uwanja

Bibi: 🎤 sauti 0:21

Mimi: Bibi anasema "pole yake, mwambieni asikanyage chini peku"

Anko Kocha: Huyo ndo kocha. Mtu vidole havipo bado yuko uwanjani. Hapa kwetu mchezaji akiumwa jino haji mazoezini

Mamdogo Tanga: Sasa mbona nasikia aliwakimbia hao wa Jackson

Mimi: Hapo ndo nililia mamdogo. Desemba 3, 2022 wametoka kuchukua ubingwa wa ligi yao, vijana bado wana jasho, anawaweka kikao anawaambia naondoka nakwenda Colorado. Na wao wameshaiona kwenye simu. Mtu unatafuta maneno ya kumwambia mtu ambaye ameshajua

Kaka Aurora: Huku kapewa mkataba wa miaka 5 dola milioni 29 na nusu. Kule alikuwa anapata kama laki 3 kwa mwaka na nusu yake mwaka wa mwisho aliitoa kumalizia jengo la timu. Cha kuchekesha mkurugenzi wa michezo wa Colorado alikiri mbele ya waandishi kwamba wanamsajili lakini hela hawana bado 😂

Anko Kocha: Hao ni wenzetu kabisa

Mamdogo Tanga: Ngoja. Si ndo huyu siku ya kwanza alisema Mungu ndiye kamuita Jackson State? Kwa hiyo Mungu akapiga tena simu, akasema mwanangu nilikosea mji, kuna mwingine una milioni 29?

Kaka Aurora: 😂😂😂

Anko Kocha: Mdogo wangu usimkufuru mtu. Yeye kasema mwenyewe, kocha ama anapandishwa ama anafukuzwa, hakuna cha katikati. Angekaa akafungwa misimu miwili wale wale wangemfukuza. Mimi hii timu nimeifundisha miaka tisa, mipira nanunua mimi, chokaa nanunua mimi, nikipoteza mechi moja mtu anayeuza miwa ananiambia kocha umechoka. Nikipigiwa simu kesho na timu yenye basi naondoka na nyie wote mtanishangilia

Mamdogo Tanga: Hatujakataa aende. Tunasema asingeingia na jina la Mungu. Angesema tu wapendwa nimekuja kutafuta. Wale watu wa Jackson walidhani wamepata mtu wao, kina mama wamevaa fulana zake. Mtu akija kwa maisha akaondoka kwa msimu inauma zaidi kuliko aliyesema tangu mwanzo napita

Mimi: Mimi niko na mamdogo hapa. Japo na yeye alichowaachia sio kidogo, hakuna aliyekuwa anaitaja Jackson State kwenye TV kabla yake

Kaka Aurora: Alipofika huku ndo mngemwona. Timu ilikuwa imeshinda 1 imefungwa 11. Kikao cha kwanza anawaambia wachezaji aliowakuta, naja na mizigo yangu na mizigo yenyewe ni Louis Vuitton, maana yake wachezaji wake wazuri anakuja nao, nyie ingieni kwenye potali. Waliondoka zaidi ya 50

Mamdogo Tanga: Potali ndo nini

Kaka Aurora: Kama dirisha la usajili mamdogo. Mwanafunzi anaandika jina kwenye mfumo kwamba nataka kuhama chuo, vyuo vingine vinaona vinamfuata

Junior wa Anko: Kwa hiyo mchezaji anaamua mwenyewe? Haombi kocha ruhusa?

Kaka Aurora: Haombi. Anaingiza jina tu imekwisha

Junior wa Anko: Sawa nilikuwa nauliza

Anko Kocha: Junior si ulisema unasoma

Junior wa Anko: Nasoma baba

Kaka Aurora: Basi mechi ya kwanza 2023 wanakwenda kwa TCU, timu iliyotoka kucheza fainali ya nchi, kila mtu anasema watachinjwa. Wakashinda 45 kwa 42! Mtoto wake Shedeur ndo kwotabeki, yule anayerusha mpira, alirusha yadi 510 rekodi ya chuo. Hunter yeye anacheza kushambulia NA kukaba hatoki uwanjani. Mimi kazini wazee wa kizungu ambao hawajawahi kunisalimia wananipigia mikono. Mechi zote za nyumbani tiketi ziliisha. Kuna bibi yao mmoja shabiki, Peggy, alikuwa na miaka 98 hakosi mechi, kocha kila akimuona anakwenda kumkumbatia

Bibi: 🎤 sauti 0:09

Mimi: Bibi anauliza "98 na anapanda ngazi za uwanja?" 😂

Kaka Aurora: Ngazi sijui Bibi, ila mechi alikuwa hakosi

Bibi: 🎤 sauti 0:05

Mimi: Bibi anasema basi na yeye Jumapili apelekwe uwanjani kwa anko

Anko Kocha: Karibu mama, kiti chako kitawekwa kivulini

Mamdogo Tanga: Msiruke ruke. Walimaliza na ngapi hao wa Colorado

Kaka Aurora: Mmmh. Walishinda tatu za mwanzo, wakaenda Oregon wakapigwa 42 kwa 6. Halafu kuna ile ya Stanford, mpaka mapumziko wanaongoza 29 kwa 0, wakafungwa 46 kwa 43. Nilizima simu siku mbili. Wamemaliza wameshinda 4 wamefungwa 8. Mwaka uliofuata ndo wakakaa sawa, wakashinda 9 wakafungwa 4, Hunter akachukua Heisman, mchezaji bora wa vyuo vyote

Mamdogo Tanga: Na mtoto? Huyo kwotabeki. Msimu mzima baba anampanga?

Mimi: Shedeur alikuwa anacheza karibu kila mechi, kaka yake Shilo alikuwa ulinzi, mkubwa wao Deion Jr. ndo alikuwa anashika kamera 😂 familia nzima imeajiriwa

Mamdogo Tanga: AHAAAA. Sasa nimeelewa kwanini kaka kocha anamtetea huyu mtu tangu saa mbili

Anko Kocha: Nimejua tu utafika hapo

Mamdogo Tanga: Mimi sijasema kitu. Nimeuliza tu Jumapili iliyopita kwenye ndondo nani alikosa penalti na bado akaachwa ndani dakika 90, wakati kwenye benchi kuna yule kijana wa fundi baiskeli mwenye mabao sita

Anko Kocha: Junior alikuwa na malaria

Mamdogo Tanga: Ndo umtoe!!

Anko Kocha: Mdogo wangu mpira huujui. Yadi 510, umesikia? Baba akimpanga mtoto anayeweza kosa liko wapi. Mtoto wa seremala akijua kuchonga utamnyima randa?

Mamdogo Tanga: Kama anaweza sawa. Kaka Aurora hebu sema ile uliyoniambia ya jezi

Kaka Aurora: Mamdogo unaniingiza kwenye vita... Aprili 2025 chuo kilistaafisha jezi ya Hunter na ya Shedeur, yaani namba 2 yake haivaliwi tena na mtu. Misimu miwili tu. Ya Hunter wengi hawakulalamika, ya Shedeur wachezaji wa zamani walikasirika. Na siku chache baadaye kwenye drafti ya NFL, pale timu za kulipwa zinapochagua wachezaji wa vyuo, watu walisema atachukuliwa mapema mapema, akasubiri mpaka siku ya tatu, wa 144

Mamdogo Tanga: Basi jezi ya Junior namba 9 tuitundike kwenye mwembe wa Bibi, isiguswe 😂😂

Junior wa Anko: Shangazi 😔

Mamdogo Tanga: Natania mwanangu wa kaka, we ni mzuri, nakuonea huruma tu kelele za watu. Wakishangilia wanasema ni baba, ukikosa wanasema ni baba

Anko Kocha: Aurora, 2025 watoto wameondoka. Timu ilimaliza na ngapi?

Kaka Aurora: Ilishinda 3 ikafungwa 9

Anko Kocha: SI NIMESEMA!! Watoto wametoka timu imekufa. Kwa hiyo hawakuwa wanabebwa. Asante. Kesi imefungwa

Mimi: Sasa anko hapo si ina maana watoto ndo walikuwa wanambeba baba 🤔

Anko Kocha: ...

Mamdogo Tanga: Mpwa wangu nakupa mahari ya ng'ombe wawili kwa swali hilo

Mimi: Na jamani 2025 hiyo hiyo alikuwa na saratani ya kibofu, walikitoa kibofu chote, wanawe hakuwaambia undani wake, hakutaka wahangaike wakati ndo wanaanza maisha ya kulipwa. Madaktari wakasema amepona. Akarudi uwanjani

Bibi: 🎤 sauti 2:10

Mimi: Bibi anasema wazazi ndo walivyo, na babu yenu alificha hivyo hivyo mpaka tukamkuta hawezi kusimama, sasa anasema anko siku ukiumwa useme. Mengine amesema yanamhusu mwenye kuku waliomwaga mtama wake

Anko Kocha: Sawa mama. Niko mzima

Junior wa Anko: Baba

Anko Kocha: Sema

Junior wa Anko: Usikasirike. Nilitaka nikwambie nyumbani lakini nyumbani unakuwa kocha

Junior wa Anko: Wale wa ng'ambo ya reli walinifuata wiki mbili zilizopita. Nimekubali. Nataka nicheze sehemu ambayo nikipangwa nijue ni mimi

Mamdogo Tanga: 😳

Kaka Aurora: Dogo kaingia potali

Anko Kocha: Ujumbe huu umefutwa

Anko Kocha: Ujumbe huu umefutwa

Mimi: Anko?

Anko Kocha: Wale wa ng'ambo Jumapili tunacheza nao

Junior wa Anko: Najua baba

Anko Kocha: Watakuweka winga ya kulia?

Junior wa Anko: Ndio

Anko Kocha: Beki wangu wa kushoto ni mzito kugeuka, we unajua. Usimwambie kocha wako

Junior wa Anko: Nimeshamwambia 🙏

Mamdogo Tanga: NAKUFAAA 😂😂😂😂😂

Anko Kocha: Jezi namba 9 irudi kesho kabla ya saa kumi, imefuliwa. Kijana wa fundi baiskeli ataivaa. Na viatu uache, viatu ni vyangu

Junior wa Anko: Viatu alininunulia Bibi

Bibi: 🎤 sauti 0:03

Mimi: Bibi anasema ni kweli. Na anauliza Jumapili kiti chake kitakuwa upande wa nani