Tupeane uzoefu: mliipataje nyumba ya kuishi na familia kijijini huku Mtwara na Lindi?

Baba Wawili:
Wakuu, habari za jioni. Leo fundi alikuwa anafunga mfereji wa bati kwa jirani yangu hapa Mtwara mjini. Nikasimama namtazama mpaka akaniuliza kama nina kazi ya kumpa. Kumbe mimi akili yote ilikuwa Tandahimba, kwenye nyumba niliyowahi kununua huko.

Nyumba ile niliiona mwezi wa tatu. Mvua imekolea, mihogo imestawi, na uani kuna tangi la saruji limejaa hadi mdomoni. Mwenye nyumba akachota kwa kata, akanipa, nikanywa. Wiki hiyohiyo nikalipa. Mwezi wa nane tukaanza kusikia ndoo inagonga sakafu ya tangi. Mwezi wa tisa mke wangu anaamka saa tisa usiku kupanga foleni bombani, na wiki nyingine bomba halitoi kitu. Mtoto wa kwanza akawa anakwenda shule na shati la juzi. Miezi kumi tu tukaondoka, nyumba nikaiuza kwa hasara.

Sasa mke amehamishiwa zahanati ya kijiji, na safari hii tunataka kukaa kabisa. Sitaki kurudia lile kosa. Wenye uzoefu tuambizane: mlipataje, mliangalia nini, nini kiliwaponza?

Njomba wa Kitangari:
Mwezi wa tisa ndio mwezi wa ukweli. Sina la kuongeza.

Binti Newala:
Kaka pole sana, lakini usiilaumu Tandahimba. Juu ya uwanda wetu wa Makonde maji ya mvua yanazama chini sana, chemchemi zinatokea huko mabondeni. Bibi zetu walikuwa wanashuka na kupanda ule mteremko na mtungi kichwani. Ndiyo maana kwetu nyumba ni tangi kwanza, vyumba baadaye. Wewe ulinunua vyumba.

Piga hesabu. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita ya mraba 1 ya bati inakupa lita 1. Nyumba yenye bati la mita za mraba 60, mvua ya milimita 20 ikapiga, ni lita 1,200, kama mfereji hauvuji. Familia ya watu sita ikitumia ndoo sita za lita 20 kwa siku ni lita 120. Tangi la lita 5,000 linaisha siku ya arobaini na kitu. Na huku mvua ikikata mwezi wa tano, kuiona tena ni Novemba au Desemba. Kwa hiyo uliza lita, usiulize "lipo tangi?" Halafu ingia ndani ya tangi na tochi likiwa tupu, utazame nyufa.

Baba Wawili:
Dada, hesabu hiyo ningeipata kabla ya kulipa, wallahi nisingelipa. Lile tangi letu halikufika hata lita 5,000.

Mpuliza Salfa:
Ongeza na hili. Kuanzia mwezi wa tano au wa sita mpaka wa nane tunapuliza salfa, ile dawa ya ukungu, kwenye mikorosho. Nyumba ikiwa katikati ya mashamba ya watu, upepo unaleta ule unga wa njano mpaka kwenye mfuniko wa chungu. Mwanangu mdogo alikuwa anaamka macho mekundu, tukadhani ni ugonjwa, kumbe jirani anapuliza alfajiri. Bati lote linashika unga. Kabla ya mvua za kwanza chomoa bomba la mfereji, acha paa lioshwe, ndipo uliunganishe na tangi. Wengi hawafanyi hivi, watoto wanakunywa salfa.

Mtu wa Pwani:
Hayo yote ya nini? Njooni pwani. Mchinga, Kilwa, Msimbati huko. Upepo upo, samaki wapo, nazi ipo. Uwandani mnajitesa tu.

Binti Newala:
Na maji ya kisima yenye chumvi mnayaogea kimya kimya, hamsemi.

Mtu wa Pwani:
Si visima vyote, dada yangu. Onja kabla ya kununua, basi.

Wa Kilwa:
Kaka wa Pwani, mimi ni wa pwani mwenzako, lakini usiwadanganye watu. Mafuriko ya Januari 2020 huku Kilwa nilikuwa ndani ya nyumba ya kupanga iliyo bondeni. Maji yaliingia usiku, tukatoka na watoto mgongoni na godoro moja. Nilichokuja kugundua baada ya maji kushuka ndicho kinaniuma mpaka leo. Chokaa ya ukutani ilibanduka, na chini ya ile mpya kulikuwa na mstari wa tope la zamani, usawa wa kifua changu. Maana yake nyumba ilishazama kabla, ikapakwa chokaa, ikapangishwa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar ikakatika upande wa Somanga, na pale nilipohama napo wenzangu wakalizwa tena.

Kwa hiyo ukiingia nyumba ya kijijini karibu na mto, kwangua ukuta kwa kucha. Na muulize mzee yeyote wa hapo: maji ya mwaka ule yalifika wapi? Wazee hukuonyesha kwa mguu, "hapa".

Njomba wa Kitangari:
Hilo la kukwangua ukuta sijawahi kulisikia, asante.

Mama Shukuru:
Nilikuwa nasoma tu, sikutaka kuandika. Ila mmezungumza maji na salfa, na hakuna aliyezungumza mwenye nyumba ni nani. Sisi hicho ndicho kilichotumaliza.

Mume wangu ni mtu wa Singida, huku tulikuja kikazi. Tulipata nyumba na nusu eka, wilaya ya Masasi, kijiji sikitaji. Nyumba ya matofali ya kuchoma, imeezekwa nyasi, mikorosho kumi na minne, mwembe mmoja mkubwa. Muuzaji ni mzee mpole, mswalihina. Tuliandikishana mbele ya mjumbe, mashahidi wawili, kila mtu akaweka dole gumba. Tukaezeka bati, tukachimba choo, nikapanda mipapai nyuma ya jiko.

Mwezi wa kumi, asubuhi, nikafungua mlango nikakuta wanawake watatu na ndoo wanaokota korosho chini ya mikorosho yetu. Nikawasalimia, nikauliza. Wakanijibu vizuri tu: "Mama, nyumba mmenunua, mikorosho hii iko rehani kwetu, misimu mitatu." Ndipo nikajifunza kwamba huku ardhi ni kitu kimoja na mkorosho ni kitu kingine. Mtu anaweza kukuuzia kiwanja huku miti ameshaiweka rehani au ameiuza kwa mwingine. Tukasema sawa, misimu mitatu si mingi.

Wiki chache baadaye wakaja wengine. Bibi mmoja mtu mzima na wanawe wakubwa. Hawakupiga kelele. Walitandika mkeka barazani, wakakaa. Bibi akaomba maji, akanywa, akaniambia: "Mwanangu, aliyekuuzia ni mkwe wetu. Alikuja kuoa hapa. Mke wake alikuwa mdogo wangu, amefariki. Nyumba ni ya tumbo letu, ardhi ya mama yetu. Mwanamume hauzi kwa wakwe."

Mume wangu akatoa karatasi yenye madole gumba. Bibi hakuitazama. Akanyanyuka, akazunguka nyuma ya jiko, mimi namfuata. Akasimama kwenye mipapai yangu, akanionyesha mawe matatu niliyokuwa nimeyasogeza nipate pa kuoshea vyombo. "Hapa amelala mwanangu wa kwanza," akasema.

Ndugu zangu, pale ndipo nilipokuwa namwaga maji ya vyombo kila siku. Niliketi chini. Yeye ndiye aliyeniinua.

Mpuliza Salfa:
Lahaula.

Binti Newala:
Mama Shukuru, mwili umenisisimka. Ikawaje? Mliondoka?

Kijana wa Nachingwea:
Mimi nasema wazi, haya mambo ya ardhi ya upande wa mama yanatuchelewesha. Mtu kajenga, kaoa, kaishi miaka, halafu aambiwe si chako? Mama Shukuru alikuwa na maandishi, angekwenda kortini tu.

Mwana wa Kimwera:
Kijana, chunga ulimi. Huo utaratibu unaouita unachelewesha ndio uliomfanya mama yangu asifukuzwe na mtu baba alipooa mwingine. Dada zangu wana pa kurudi. Wewe dada zako wana pa kurudi? Na hiyo karatasi ya mjumbe haina uzito unaoudhania. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Mjumbe na mashahidi wawili hawatoshi kumgawia mgeni ardhi.

Kijana wa Nachingwea:
Sheria hiyohiyo inasema mila inayomnyima haki mwanamke, mtoto au mlemavu haina nguvu. Mbona hilo hulitaji?

Mwana wa Kimwera:
Naam, na hapa nani kanyimwa? Bibi ni mwanamke, nyumba ya mdogo wake imeuzwa na shemeji. Wewe unamtetea shemeji!

Mtu wa Pwani:
Jamani tulieni, tumwache mama amalizie.

Mama Shukuru:
Kijana, sikukasirikii. Mume wangu naye siku ile alisema maneno hayohayo.

Tulikwenda baraza la ardhi la kijiji. Ni watu saba, na wanawake wasiopungua watatu. Kazi yao ni kusuluhisha, si kuhukumu, na walitusikiliza siku nzima chini ya mwembe. Muuzaji hakuonekana, tukaambiwa amevuka Ruvuma. Pesa zetu zikaenda naye. Wale wenye nyumba wangeweza kututoa siku hiyohiyo. Wakasema tukae hadi mvua ziishe, maana nilikuwa na mtoto mchanga, na bati tuling'oe liwe letu. Mawe matatu niliyarudisha mwenyewe kwa mikono yangu, bibi akinielekeza, hili huku, hili huku. Mipapai alikataa nisiikate.

Kung'oa bati ni kazi ya kuliza. Kila msumari unaacha tundu. Tuliziba kwa lami, bati kwa bati.

Wa Kilwa:
Mola awafidie. Sasa mnakaa wapi?

Mama Shukuru:
Kijiji cha jirani. Safari hii tulianza na mwenyekiti wa kitongoji, akatupeleka kwa mtendaji, tukaandika barua ya maombi, halmashauri ya kijiji ikakaa, likaletwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji watu wote wakisikia. Mpaka ukapimwa majirani wa pande zote nne wamesimama. Baadaye tukapata hati ya hakimiliki ya kimila, majina yetu wote wawili, mimi na mume. Ilichukua muda mrefu kuliko mlivyozoea kusubiri. Subirini.

Mpuliza Salfa:
Baba Wawili, mimi nakushauri upange kwanza mwaka mzima. Uone kiangazi, uone salfa, uone masika, uone na sherehe za unyago ngoma ikilia mpaka asubuhi nyumba ya pili.

Njomba wa Kitangari:
Napinga. Ukipanga mwaka mzima wanakuzoea kama mpangaji, bei ya kiwanja inapanda kila wakikuona na mfuko wa sukari. Nunua mapema ukiwa mgeni.

Mwana wa Kimwera:
Ukiwa mgeni ndio kabisa usinunue! Umesoma kisa cha mama hapo juu au umepitiliza?

Mlinda Mihogo:
Kutoka Liwale. Uliza pia njia ya tembo. Wanapita palepale walipopita babu zao. Na mahindi usiweke ndani unamolala.

Binti Newala:
Mkeo yuko zahanati ya upande gani, kaka? Kama ni chini ya mteremko kuelekea Ndanda, huko chemchemi zipo, hutateseka kama kwetu juu.

Baba Wawili:
Ni huko huko chini, dada. Nilikuwa nimeshaambiwa kuna nyumba, nimeshaandaa na malipo ya awali. Nimempigia dalali sasa hivi, nimemwambia nakuja mwezi wa tisa, nalala siku tatu, na mwenye nyumba aniletee dada zake. Kanyamaza kwanza. Halafu kasema atanipigia.

Mama Shukuru, shikamoo. Yule bibi mnaonana?

Mama Shukuru:
Marahaba baba. Tunaonana. Siku ya mkutano mkuu wa kijiji tulichohamia, mtu mmoja alisimama akauliza, hawa wageni nani anawajua? Bibi alikuwa amekuja kwa miguu tangu alfajiri, sisi hatuna habari. Akanyoosha mkono akasema, "Hawa walikaa kwangu." Mipapai ilipozaa aliniletea sita, kwenye ungo.