Mrejesho: baba na upasuaji wa moyo

Asalaam aleikum. Niliwauliza kama baba, mwenye ini lililosinyaa, angebadilishwa vali ya moyo (kilango cha kupitishia damu) bila kuvuja damu nyingi. Alhamdulillahi, tumerudi Malindi jana.

Daktari alinieleza kuwa ini ndilo linalotengeneza protini nyingi za kugandisha damu, na bandama likivimba kwa ugonjwa huo wa ini hunasa chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Walimpa mapema vitamini K, inayosaidia damu kuganda, kisha asidi ya traneksamu, dawa ya kupunguza kuvuja damu, akiwa kwenye meza ya upasuaji. Damu iliyovuja ikakusanywa, ikasafishwa, akarudishiwa mwenyewe. Plazima, yaani majimaji ya damu yenye protini hizo, hawakumjaza ovyo, maana maji yakizidi moyo huelemewa. Walipima kwanza jinsi damu yake inavyoganda.

Usiku ule mirija ya kifuani ilitoa damu mpaka nikatetemeka. Alfajiri ikapungua. Vijana wa Shella mliochangia damu, Mungu awalipe. Miguu bado imevimba kidogo.