FC 26 ni gemu mpya kweli au nibaki na FC 24?

KiungoMkabaji: Wakuu habari zenu. Nina FC 24, hii gemu ya mpira ya EA iliyokuwa ikiitwa FIFA, nataka kuchukua FC 26 mwisho wa wiki ila kila nikiangalia video naona gemu ile ile, kilichobadilika jezi na vikosi. Rafiki yangu anasema niachane nazo zote nishushe eFootball maana ni ya bure. Mliocheza zote tatu, tofauti ipo au tunauziwa namba?

Beki_Tatu: Mkuu unatumia mashine gani? Na unacheza mtandaoni au Karia, ile ya kuongoza timu msimu hadi msimu? Usipotaja hayo kila mtu atakujibu lake.

DadaKrosi: Imebadilika, tena sana. FC 25 ilileta FC IQ, unampa kila mchezaji jukumu lake, beki wa pembeni anaingia ndani kucheza kiungo timu ikiwa na mpira na anarudi mkipokonywa. Halafu 26 wametenganisha uchezaji, upo wa ushindani kwa mtandaoni na upo Authentic kwa wanaocheza na komputa, mpira unatulia, unajenga shambulizi. Hata zile za kipa kapangua mpira unamrudia straika mguuni zimepungua, zilikuwa zinaniudhi mno.

MzeeWaPES: Dada yangu hayo majukumu PES, kabla Konami hawajaibadili jina kuwa eFootball, ilikuwa nayo zamani. PES 2013 ukimpa beki kazi anaifanya. Mpaka leo sijaona gemu ya mpira iliyoifikia.

Beki_Tatu: Mzee, na hao hao Konami 2021 wakaleta eFootball ina timu tisa, Master League, yaani Karia yao, hakuna, sura za wachezaji vituko, watu wakaishushia nyota huko Steam, duka la gemu za PC. Wamerekebisha mengi tangu hapo lakini anayependa Karia hana cha kufanya mle.

KiungoMkabaji: Natumia PS4 mkuu. Karia ndo zaidi, mtandaoni mara moja moja.

Beki_Tatu: Sasa hilo ndo lilitakiwa liwe la kwanza! HyperMotion, teknolojia ya kuiga miondoko ya wachezaji halisi, ilianza FIFA 22 kwenye PS5 na Xbox Series, PC ikaipata FIFA 23, PS4 haijawahi kuipata. Hizo video unazoangalia karibu zote ni za PS5, mchezaji anavyogeuka, anavyogombania mpira kwa bega, kwako hutaviona vile. Kwa PS4 mimi ningebaki na 24.

Winga_Teleza: Chochote utakachochagua kaka, usinunue akaunti ya kuchangia. Mimi nilinunua kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, bei ilikuwa nzuri na maneno matamu, akanipa imeili na nywila nikashusha gemu nikaanza Karia na timu ya daraja la chini kabisa. Nikapanda, nikamlea dogo mmoja wa akademi, kiungo, alikuja hata pasi ya mita tano inampotea mpaka akawa nahodha, tupo nusu fainali ya kombe. Usiku nawasha naona alama ya kufuli pale juu ya picha ya gemu. Nikadhani intaneti, nikazima nikawasha, kufuli lipo palepale. Kumbe ameiuza kwa mtu mwingine kabadilisha na nywila, nikimpigia hapokei, baadaye kaniblock kabisa. Seivu yangu ipo kwenye mashine lakini gemu haifunguki, naiona tu. Chukua diski ndugu yangu, diski iko mkononi mwako.

DadaKrosi: Pole sana jamani, hiyo ya nahodha inauma.

Straika_Mvivu: Mnazunguka bure. Tangu Ultimate Team, ile ya kuunda timu kwa kadi za wachezaji zinazotoka kwenye paketi, iingie FIFA 09 pesa ya EA inatoka kwenye kadi, sasa kwa nini wahangaike na Karia? Ubelgiji walikaza wakasema paketi zile ni kamari, EA wakaacha kuuza pointi za kununulia paketi huko 2019. Kwingine zinauzwa mpaka leo.

DadaKrosi: Hujalazimishwa kununua paketi. Na huko huko Ultimate Team FC 24 ndo wameingiza wanawake, leo nampanga Sam Kerr na Haaland mbele, hilo nalo si mabadiliko?

Straika_Mvivu: Ni mabadiliko ya kadi, siyo ya mpira. Kasi bado inashinda akili, ukiwa na winga mwenye mbio umemaliza kazi.

DadaKrosi: Hiyo ni mtandaoni. Weka Authentic ucheze na komputa uone kama mbio peke yake zitakupeleka.

KiungoMkabaji: Nimesoma zote. Swali moja, Karia yangu ya FC 24 nikinunua 26 inahamia?

Beki_Tatu: Haihami. Kila toleo unaanza upya.

KiungoMkabaji: Aisee. Nina dogo wa akademi ndo kwanza ameanza kupata namba.

MzeeWaPES: Na ile Master League ya PES 6 mnaikumbuka, mnaanza na wale wachezaji wa kubuni kina Castolo na Minanda?

Straika_Mvivu: Castolo usimguse mzee, yule alinibeba msimu mzima.