Sensa ya unyevu wa mchanga imeganda kwenye 4%, nifanyeje?

Opereta wa Nyakato
Shikamooni wakuu. Naendesha mtambo wa zege hapa Nyakato, Mwanza. Mvua inyeshe usiku kucha au jua liwake, sensa ya hopa (tangi la kulishia) ya mchanga inasoma 4% tu. Zege la asubuhi linatoka jepesi, slampu (kipimo cha ulaini wa zege) inaruka kutoka 100 hadi 170 mm, mchana inarudi. Msimamizi anataka nipunguze maji kwa macho. Sikubali: hizi ni nguzo za ghorofa, watu watalala humo.

Fundi maabara
Marahaba, na usikubali kabisa. Mita moja ya ujazo ya zege ina mchanga wa kama kilo 800. Sensa ikidanganya kwa 3%, lita 24 za maji yaliyojificha mchangani zimeingia kimyakimya. Kwa saruji kilo 350 na maji lita 175, uwiano wa maji kwa saruji wa 0.50 umeshafika karibu 0.57. Hapo nguvu imepotea, na hata ukilitetemesha zege kwa vaibreta hadi jioni hairudi.

Chota mchanga mlangoni mwa hopa, na papo hapo andika sensa inasema nini. Upime, ukaushe kwenye kikaango hadi uzito uache kushuka. Uzito uliopungua gawa kwa uzito wa mchanga mkavu. Rudia kwa mchanga mkavu na wa wastani, maana kipimo kimoja hakitoshi kurekebisha sensa.

Opereta wa Nyakato
Kikaango kimetoa 7%! Nimefungua hopa, uso wa sensa una tope gumu kama plasta. Nimesafisha, sasa inasoma 6.2.

Mama Zege, Usagara
Mwanangu, tazama grafu ya sensa kila siku. Mchanga ukishuka, mstari wa sensa isiyo na hitilafu hutetemeka kidogo. Mstari ulionyooka ni dalili ya ugonjwa. Angalia na ampea (umeme unaovutwa) za mota ya miksa, zege jepesi haliisumbui, hivyo hushuka. Na mwambie dereva wa kijiko cha kupakia mchanga asichote chini kabisa ya lundo, maji yote hutuama huko.

Hiyo 6.2 bado si 7, usianze kazi kabla hujairekebisha.

Fundi maabara
Na nguzo zilizomwagwa asubuhi hizo? Mwambie injinia leo, kabla slebu (sakafu ya zege) haijapanda juu yake. Kyubu zake (vipande vya zege hilo vya kupimia nguvu) zivunjwe siku ya 7, msingoje 28.