Kisiwa cha Sedudu au Kasikili: kigezo gani kilitumika kuipa Botswana?

Mwalimu wa Upanga
Habari zenu wanajukwaa. Ninafundisha jiografia katika shule ya sekondari hapa Dar es Salaam. Katika mto Chobe, kwenye mpaka wa Botswana na Namibia, kuna kisiwa ambacho Wabotswana hukiita Sedudu na Wanamibia hukiita Kasikili. Ikiwa mto unakizunguka pande zote, ni kigezo gani kilichokiweka upande wa Botswana? Wanafunzi wanasubiri jibu.

Msomaramani
Mwalimu, chanzo ni mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890, uleule ulioiweka Zanzibar chini ya himaya ya Waingereza na kuwapa Wajerumani kisiwa cha Heligoland. Wajerumani, ambao tayari walikuwa wanaitawala Namibia, walipata pia ukanda mwembamba wa kuufikia mto Zambezi, nao ukaitwa Caprivi kwa jina la Kansela wao. Mkataba ulisema mpaka ufuate katikati ya mkondo mkuu wa Chobe, lakini haukutaja mkondo mkuu ni upi pale mto unapogawanyika, na uzembe huo uliachwa urithiwe na Waafrika.

Kisiwa chenyewe, kilicho jirani na mji wa Kasane, kina kilomita za mraba 3.5 hivi. Kuanzia mwezi Machi hufunikwa na mafuriko kwa miezi kadhaa. Maji yakishuka hubaki uwanda wa majani mabichi, na tembo kutoka Hifadhi ya Chobe huogelea kwenda kula huko, mikonga ikiwa juu ya maji. Mwaka 1996 nchi hizo zilipeleka shauri kwa makubaliano katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, uamuzi wa busara sana. Tarehe 13 Desemba 1999, majaji 11 dhidi ya 4 waliamua kwamba, kwa kina, upana na wingi wa maji yanayopita, mkondo wa kaskazini ndio mkuu. Kisiwa kikabaki kusini mwa mpaka.

Mjukuu wa Mkulima
Maelezo mazuri, ila tusiwasahau Wasubia wa Caprivi, waliokuwa wakilima kisiwani humo maji yakipungua. Namibia ilitegemea kilimo hicho kudai umiliki, lakini Mahakama ikasema walilima kwa msimu, kwa mahitaji yao, si kwa niaba ya dola. Hoja ya kisheria naielewa, lakini inaniuma kuona jembe la mwananchi halina uzito mbele ya mkataba ambao hakushirikishwa.

Mwalimu wa Upanga
Nawashukuru sana. Je, Wanamibia wamezuiwa kupita mkondo wa kusini?

Msomaramani
Hapana. Hukumu hiyohiyo iliagiza kuwa raia na vyombo vya nchi zote mbili vitendewe sawa katika mikondo yote miwili. Ukipata nafasi, wafundishe pia Ziwa Nyasa, kwa sababu mkataba huo wa 1890 ndio ambao Malawi inautegemea inapodai kuwa mpaka uko ufukweni kwetu, ilhali Tanzania inashikilia kuwa uko katikati ya ziwa.